Mtoto wa Mlimani Si Pambo

Kitabu cha Heidi, alichokiandika Bibi Johanna Spyri wa Uswisi, kina maadui wa namna mbili katika nchi yetu, na adui wa kwanza hujiita rafiki. Huyo ndiye asemaye kwamba kitabu hiki chafaa sana kusomwa na watoto wa Tukuyu na wilaya yote ya Rungwe, kwa sababu Rungwe ni Uswisi ya Tanzania: kuna milima, kuna baridi, kuna maziwa, kuna majani mabichi mwaka mzima, basi mtoto wa huko atajiona kama ajionavyo katika kioo. Adui wa pili hukitupa kitabu kwa sababu ile ile. Yeye husema: milima ile si yetu, mbuzi wale si wetu, theluji hatuijui, na mtoto yule mwenye mashavu mekundu ameletwa kutufundisha kutamani vya watu. Nimewasikia wote wawili wakibishana, nami nimeona kwamba wanagombana huku wamekubaliana. Wote wanaamini kuwa kitabu hiki ni kitabu cha mandhari. Hapo ndipo ninapowapinga.

Yafaa kwanza tuseme kitabu chenyewe kina nini, maana wengi wanaokitaja wamekiona katika picha za sinema tu. Sehemu ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1880, na ya pili mwaka 1881. Tangu hapo kimefasiriwa katika lugha zaidi ya 50. Wamarekani walikifanya sinema mwaka 1937, Wajapani wakakifanya mfululizo wa katuni mwaka 1974, na mwaka 2023 UNESCO iliziandika nyaraka za Heidi na za mwandishi wake katika Kumbukumbu ya Dunia. Ni sifa nyingi kwa kisa chepesi kama hiki: yatima wa miaka mitano anapelekwa mlimani na Dete, mama yake mdogo, ambaye amepata kazi mjini na hataki tena mzigo wa kulea. Anamwacha kwa babu yake mzaa baba, mzee mkali akaaye peke yake juu ya kijiji, aliyegombana na majirani na asiyekanyaga kanisani. Huko juu mtoto analala kwenye majani makavu, anakunywa maziwa ya mbuzi, na kufuatana na Peter mchunga mbuzi hadi malishoni. Chini kidogo yupo bibi yake Peter, kipofu, maskini, ambaye mkate mgumu wa nyumbani umemshinda kutafuna. Basi. Hapana mfalme, hapana hazina, hapana vita.

Wasifu wa mandhari husoma mpaka hapo tu na kufunga kitabu. Tabia hiyo katika Rungwe ina historia ndefu. Mwaka 1879, mwaka mmoja kabla ya Heidi kutoka mtamboni, Mskoti mmoja kijana, Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, alifika katika nchi ya Wanyakyusa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Aliona migomba iliyofagiliwa chini, nyumba safi, ng'ombe wanono, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1881 aliifananisha nchi ile na Arkadia, bustani ya wachungaji katika mashairi ya Wayunani. Wajerumani walipokuja wakapaita Tukuyu Neu-Langenburg, kana kwamba mahali pasipo na jina la kwao hapajazaliwa. Wageni wa siku hizi wanakwenda kutazama Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, wanapanda hadi ukingo wa Ziwa Ngozi, wanapiga picha, wanashuka. Siwalaumu, mahali ni pazuri kweli, na mlima Rungwe wenye mita zipatazo 2,960 haukuwekwa pale ili ufichwe. Lakini uzuri wa mahali ni jambo moja, na maisha ya mtoto wa mahali ni jambo jingine. Mvua ile ile inayomfurahisha mgeni dirishani ndiyo inayomlowesha mchuma chai mabegani, na ndiyo inayougeuza mteremko kuwa utelezi chini ya miguu ya mama ashukaye na mkungu wa ndizi kichwani.

Bibi Spyri aliujua vizuri mlima wake, wala hakuudanganya. Yeye mwenyewe alizaliwa Hirzel mwaka 1827, na alipokuwa akiandika alikuwa mke wa mtu mkubwa katika mji wa Zurich. Angeweza kuandika Arkadia. Badala yake aliandika mzee aliyevunjikana na watu, bibi asiyeona, mvulana asiyejua kusoma, na nyumba ambayo madirisha yake hupigwa na upepo mpaka walio ndani wanahofu itaanguka.

Sasa msomaji aangalie yanayofuata, maana moyo wa kitabu uko hapa. Mtoto akiisha kumzoea babu, na babu akiisha kulainika, Dete anarudi. Amesikia habari ya nafasi nzuri: nyumba ya tajiri Sesemann katika mji wa Frankfurt yahitaji mtoto wa kukaa na Klara, binti yao mgonjwa asiyeweza kutembea. Heidi ana umri wa miaka minane. Dete hasemi kwamba anamtoa mtoto kwa faida yake mwenyewe. Asema anamtafutia maisha. Amvika haraka haraka, amshika mkono, na mtoto anaposita amwambia kwamba akitaka kurudi atarudi, na tena huko mjini ataweza kupata mikate laini ya kumletea bibi kipofu.

Je, maneno haya msomaji huyajui? Nani aliyekaa Dar es Salaam asiyepata kuyasikia? Ndugu amekuja kutoka mjini, amevaa vizuri, amekaa barazani kwa dada yake huko Rungwe, na anasema: nipe binti huyu niende naye, atasaidia kazi ndogo ndogo, atasoma, ataona dunia, nanyi hamtakosa sukari na sabuni. Asubuhi basi limeshapita Uyole. Hakuna aliyetekwa wala aliyeuzwa, na kila mtu amesema kweli kwa kiasi chake. Lakini mtoto amepakiwa.

Katika nyumba ya Frankfurt msimamizi, Bibi Rottenmeier, hakubali jina la Heidi. Analiona si jina la mtu, naye anamwita Adelheid. Kwetu hata taabu hiyo haichukuliwi. Binti afikaye na jina alilobatizwa nalo na jina la ukoo wake huitwa dada tangu siku ya kwanza, na baada ya miaka mitatu wenye nyumba bado hawajui baba yake anaitwa nani. Heidi anaficha mikate myeupe katika kabati la nguo, mmoja mmoja kila akila mezani, ili siku ya kurudi ampelekee bibi. Bibi Rottenmeier anafungua kabati, anaona mikate iliyokauka, na kuamuru itupwe. Nijuavyo mimi, kurasa chache zimeandikwa kwa ajili ya watoto zinazoumiza kama ule, na hakuna aliyepigwa ndani yake. Kisha mtoto anapanda mnara wa kanisa, apate kuona milima kutoka juu, na chini yake anaona mapaa ya nyumba tu, mapaa na mapaa.

Hatimaye anaanza kutembea usingizini. Kila asubuhi mlango wa mbele hukutwa wazi, na watumishi wanadhani nyumba ina pepo. Daktari ndiye anayegundua: pepo ni mtoto, na maradhi yake ni kukumbuka kwao. Waswisi waliyajua maradhi haya zamani. Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu, Johannes Hofer, aliandika juu yake tasnifu katika Chuo Kikuu cha Basel na kuyapa jina la Kiyunani, nostaljia, akieleza habari za vijana waliodhoofu kwa kuwa mbali na kwao. Wanaume wa Rungwe waliokwenda kuchimba dhahabu ya Lupa huko Chunya katika miaka ya 1930, na wale waliokwenda mbali zaidi, katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na dhahabu ya Afrika Kusini, waliyajua pia, bila ya daktari na bila ya Kiyunani. Lakini wao walikuwa wanaume wazima, walikuwa na wenzao wa kuimba nao jioni. Mtoto wa miaka minane katika jiko la watu wengine hana mwenzake.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Ni sheria njema, lakini haina ufunguo wa mlango wa jikoni. Na ndugu hamwiti mtoto wa ndugu yake mwajiriwa. Kazi ambayo sheria haiwezi kuifanya, kitabu chaweza kuianza, maana kitabu huingia ndani ya nyumba na kukaa mahali mtoto wa mwenye nyumba alipokaa. Klara naye ni msomaji wetu. Binti wa Mikocheni au Mbezi anayesoma habari za mlango uliokutwa wazi asubuhi hawezi tena kumtazama dada wa nyumba yake kwa jicho lile lile. Na kama anaweza, basi si kosa la kitabu.

Atatokea mtu aniambie: lakini Frankfurt haikumtesa Heidi, walimlisha, walimvika, na huko ndiko alikojifunza kusoma. Naam, na mwandishi mdogo angempa tajiri mjeledi tukamchukia, kazi ikaisha. Bibi Spyri alimpa wema. Bwana Sesemann ni mtu mwema, Klara ampenda Heidi kwa dhati, bibi yake Klara ndiye aliyemfumbua mtoto macho kwa kitabu cha picha akajua herufi. Na bado mtoto ananyauka. Tena anaporudi mlimani, elimu ile ya ugenini anarudi nayo. Anamsomea yule bibi kipofu nyimbo za kitabu cha kanisa ambazo kwa miaka mingi hakuna aliyemsomea, anamfundisha Peter aliyekuwa ameshindikana, na babu aliyekuwa amekataa katakata kumpeleka mtoto shule anakubali kushuka kijijini wakati wa baridi ili mtoto asome. Kitabu hakisemi kwamba mlima unatosha, wala hakisemi kwamba mji ndio uovu. Kinauliza tu ni nani mwenye haki ya kumhamisha mtoto, na kama aliulizwa yeye mwenyewe.

Kasoro kinazo, nami sitazifunika. Sehemu ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Kila jeraha linapata dawa yake, kila mkaidi anatubu kwa wakati, na Klara anasimama akatembea kwa nguvu ya hewa safi na maziwa ya mbuzi, jambo ambalo lawapendeza wenye hoteli za milimani kuliko matabibu. Namwona Peter peke yake, anayekisukuma kiti cha magurudumu bondeni kwa wivu, kuwa ni mtu mzima kabisa katika sehemu ile. Nyama na damu yake ni zile zile za watoto wote wa dunia. Mahubiri nayo yamezidi. Lakini hata mahubiri ya Bibi Spyri yanatoka vinywani mwa watu wenye shida, hayakubandikwa mwishoni kama stempu.

Nimetaja mahubiri makusudi, maana sasa nataka kusema na watu wa kwetu. Watoto wetu wamepewa nini badala ya kitabu cha namna hii? Wakati wa Waingereza tulifasiriwa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote viwili mwaka 1929, na Elisi katika Nchi ya Ajabu mwaka 1940. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hilo halina ubishi, na wengi walijifunza humo utamu wa kusoma. Walakini mambo yenyewe yalikuwa hazina, bunduki, visiwa na ndoto. Mtoto aliye nyumbani kwake, mwenye babu na njia ya kwenda mtoni, hakuwamo. Baada ya Uhuru tuliandika wenyewe, na hapo tukashikwa na maradhi yetu, yaani funzo. Sungura hawezi kuvuka barabara katika hadithi zetu bila kuulizwa mwishoni: je, hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto akijua kwamba swali lile linamngoja, hasomi tena; anawinda jibu. Wapo waliojitoa katika mtego huu. Marehemu Edwin Semzaba alitoa Marimba ya Majaliwa mwaka 2008, riwaya ya mtoto anayetembea katika nchi yenye majina na maeneo ya kweli, na kila mwalimu aliyeisoma darasani ajua jinsi watoto wanavyoomba sura inayofuata. Lakini kitabu kimoja hakifanyi kabati.

Na vyuo vikuu je? Mwanafunzi akisema anataka kuandika tasnifu juu ya riwaya ya watoto, watu hucheka taratibu, kisha humshauri achague jambo zito. Uzito ni nini? Kitabu kilichosomwa na mtoto wa miaka tisa humkaa mtu miaka sitini. Kile tulichokiandikia insha ya mtihani tunakisahau kabla matokeo hayajabandikwa ubaoni. Kama huo si uzito, basi mizani yetu ina kasoro.

Wengine hujitetea kwa ngano. Husema: Wanyakyusa wana hadithi zao, za mawe yaliyotiwa moto na kutupwa ziwani ili kumfukuza nyoka, za wanyama wasioonekana, riwaya ya nini tena? Mimi nazipenda ngano hizo, na asiyezipenda hana masikio. Lakini ngano haimpi mtoto mwaka mzima wa maisha ya mtoto mwingine, wala haimpi Jumanne ya mvua ambayo hakuna kilichotokea. Riwaya yampa. Na katika Rungwe riwaya hiyo imelala chini kama kuni zilizokatwa zisizofungwa mzigo.

Nitatoa mfano mmoja ambao kila nikiufikiri nastaajabu. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson walikaa na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akaandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 habari za vijiji vya marika. Mvulana alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na miaka kama sita, pamoja na wenzake. Alipofika miaka kumi au kumi na moja aliwaachia wadogo mifugo, akaanza kulima shamba la baba. Ila usiku hakulala tena nyumbani. Yeye na wenzake wa rika walijijengea vibanda pembeni, kijiji chao wenyewe, wakawa wanalala huko na kuzunguka pamoja kwenda kula kwa mama wa huyu leo na mama wa yule kesho. Kijiji kile cha watoto kilikua nao, wakaoa humo, na wakati ulipowadia wazee walikabidhi nchi kwa kizazi kipya kwa sherehe iliyoitwa ubusoka. Msomaji, fikiri: kijiji kilichojengwa na watoto! Waandishi wa Ulaya wamewazamisha watoto katika visiwa vitupu na kuwaangushia ndege ili tu wapate kuwaona wakiishi peke yao. Wanyakyusa walikuwa na jambo hilo kila upande wa kilima, bila ya ajali yoyote. Desturi hiyo imekwisha sasa. Ardhi ilipungua, vibarua vikawatawanya vijana, shule zikabadili saa za mchana. Habari zake zimo katika Kiingereza cha wataalamu, na mtoto wa Tukuyu ambaye babu wa babu yake alilala katika kibanda kile hajui kwamba ulikuwapo ufalme wa watu wa umri wake.

Na kipunji je? Wawindaji wa Rungwe walimtaja siku zote kima huyu mwenye haya, wa rangi ya hudhurungi, mwenye shungi la nywele kichwani. Watafiti waliposikia habari zake walidhani huenda ni mnyama wa ngano tu, kwa kuwa masimulizi ya huko huchanganya wanyama waonekanao na wasioonekana. Mwaka 2003 walimwona msituni. Mwaka 2005 alitangazwa kwa dunia, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wala kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Mlima mzima uliingia katika jina la Kilatini kwa sababu watu waliamini hatimaye neno la mwindaji. Mtoto wa kitabu chetu angeweza kumwona kima huyo asubuhi moja, akasimulia, asisadikiwe na mwalimu. Sihitaji kuongeza kitu. Kisa hicho ni cha kweli kwa sehemu kubwa.

Wachapaji nao wana neno lao, kwamba kitabu cha mahali padogo hakiuziki. Maparachichi ya mahali hapo padogo yapanda meli hadi Ulaya, na mlaji wa huko haulizi kama Rungwe ni padogo. Maienfeld, mji ambao juu yake Heidi aliwekwa, ni mji mdogo kuliko Tukuyu. Hakuna aliyekikataa kitabu kwa sababu hiyo, na leo nchi yote ya jirani yake inajiita kwa jina la mtoto ambaye hakupata kuzaliwa.

Limebaki suala la lugha, ambalo wenzangu hulileta mwisho kama kwamba ndilo kufuli. Je, kitabu hicho kiandikwe kwa Kiswahili, nacho si lugha ya kwanza ya mlimani, au kwa Kinyakyusa, kisomwe na wachache? Bibi Spyri naye alikuwa na shida hiyo. Watu wa milima yake hawakusema Kijerumani cha vitabu. Aliandika Kijerumani cha vitabu ili asomwe kote, ila yule mzee akamwachia jina lake la huko, Öhi, yaani mjomba kwa lafudhi ya mlimani, na wasomaji wa Berlin na Hamburg wakalipokea kama lilivyo. Aandikaye juu ya Rungwe na aandike Kiswahili, tena kizuri, na mahali panapohitaji malafyale aandike malafyale, na mtu anaposhukuru kwa ndaga aache ndaga, bila mabano na bila tafsiri chini ya ukurasa. Mtoto wa Tanga atajua maana kabla ya kufika sura ya tatu.